Mwongozo kamili: jinsi ya kumpima beki kinda kabla ligi haijaanza

Kila dirisha kubwa la usajili likifunguliwa, ubishi unaanza palepale ulipoachwa mwaka jana. Kinda amesajiliwa, au amepandishwa kutoka timu ya vijana, na kabla hajacheza mechi hata moja ya mashindano tayari watu wamegawanyika. Hawa wanasema tumepata beki kisiki wa miaka kumi ijayo, wale wanasema huyu atatugharimu. Waulize wote wametazama nini. Jibu ni moja: video ya dakika tatu yenye muziki, na nusu saa ya mechi ya kirafiki.

Mshambuliaji unaweza kumkisia kwa video ya namna hiyo, maana kazi yake inamalizikia kwenye mpira. Kwa beki haiwezekani. Kazi yake kubwa inafanyika mpira ukiwa mbali naye, na kamera siku zote inaufuata mpira. Ndiyo maana hata watu wanaolijua soka vizuri wanakosea kila mwaka wakifika kwa mabeki: wanampamba asiyestahili na wanamkatia tamaa anayehitaji msimu mmoja tu wa kukomaa.

Mwongozo huu unamhusu beki wa kati, kwa sababu ndiye anayebishaniwa zaidi. Beki wa pembeni anapimwa kwa njia hiyohiyo, isipokuwa hatua ya 4 na ya 5 zinabadilika kidogo.

## Vitu vya kuandaa

- Mechi tatu kamili alizocheza, dakika 90 kila moja. Vipande havitoshi hata viwe ishirini.
- Daftari na kalamu.
- Kifaa cha kutazamia unachoweza kukisimamisha na kukirudisha nyuma. Kwenye kibanda umiza kazi hii haifanyiki, kelele ni nyingi na hakuna wa kukurudishia picha.
- Muda wa kutosha kwa kila mechi, siku tofauti. Macho yakichoka yanarudi kuufuata mpira.
- Mtu mmoja asiyeishabikia timu yako, mwenye kujua mpira. Utamhitaji kwenye hatua ya 6.
- Ikiwezekana, tiketi moja ya uwanjani.

## Hatua ya 1: Andika kazi anayotakiwa kuifanya

Kabla ya kumtazama kijana, tazama timu inayomchukua. Beki wa timu inayopaki basi, yaani inayojaza watu ndani ya boksi lake, na beki wa timu inayokabia juu, karibu na goli la mpinzani, wana kazi mbili tofauti, ingawa jezi zao zina namba zinazofanana. Wa kwanza anahitaji kichwa, nguvu na subira. Wa pili analinda mita 40 za uwanja mtupu nyuma yake, hivyo anahitaji mbio, na zaidi ya mbio anahitaji hesabu.

Chukua Simba au Yanga. Kwenye ligi ya nyumbani wanakutana mara nyingi na timu zilizojaza watu nyuma. Beki wao wa kati anashika mpira muda mrefu, anapiga pasi nyingi, halafu ghafla anajikuta yeye na mshambuliaji mmoja mwenye kasi, na uwanja wote uko wazi. Mwezi huohuo akienda Cairo au Casablanca kwenye mashindano ya Afrika, anakaa kipindi kizima akiondosha krosi. Kijana anayefaa kwa kazi moja anaweza asifae kwa nyingine.

Andika sentensi moja juu ya ukurasa, kwa mfano: "Anatakiwa awe beki wa kati wa kushoto, safu ya watu wanne, timu inayomiliki mpira." Taja na mguu wake. Mwenye mguu wa kulia akiwekwa upande wa kushoto hufungua mwili kwa shida anapopokea mpira, na winga anayekuja kumbana analijua hilo.

Tahadhari: kama aling'ara kwenye safu ya mabeki watatu, kumbuka alikuwa na mtu wa kumfunika kulia na kushoto. Kwenye safu ya wanne, beki wa pembeni akipanda, ule upande ni wake peke yake.

Sentensi yako ikiwa sahihi, mtu mwingine akiisoma ataweza kukutajia mchezaji gani wa sasa wa timu anapigania nafasi hiyo. Akishindwa, iandike upya.

## Hatua ya 2: Chagua mechi zinazomweka uchi

Chukua moja ambayo timu yake ilifungwa. Ya pili iwe ya ugenini dhidi ya safu kali ya ushambuliaji. Ya tatu iwe mechi ambayo timu yake ilitawala, maana usingizi wa beki huonekana akiwa hana kazi kwa dakika ishirini kisha kazi ikaja mara moja.

Mechi aliyofunga bao la kichwa iache. Bao hilo litakufumba macho kwa dakika zote zilizobaki.

Angalia pia ilichezwa wapi. Kaitaba pale Bukoba kuna nyasi bandia, mpira unateleza kwa kasi na unadunda kwa namna inayotabirika. Kwenye viwanja vingine vya mikoani mpira unaruka unavyotaka, na beki mwenye akili anachagua kubutua kuliko kujaribu pasi. Ukimhukumu kuwa hana mguu kwa mechi ya uwanja wa namna hiyo, umeuhukumu uwanja.

## Hatua ya 3: Mtazame mpira ukiwa mbali naye

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ukiiruka hatua nyingine zote zinakuwa mapambo. Nakusihi uipe muda.

Tazama dakika 15 za mwanzo, 15 za katikati na 15 za mwisho. Katika dakika hizo macho yako yasiondoke kwake. Mpira ukienda upande wa pili, mwache uende. Kamera ikimpoteza, subiri arudi kwenye picha na uandike jambo moja tu: amerudi akiwa tayari mahali pake, au amerudi akikimbia kufukuzia? Beki mzuri huingia kwenye picha akiwa amesimama. Anayekimbia kila mara ana kasi ya kusifiwa, lakini kasi hiyo inaziba kosa lililofanyika sekunde tano kabla.

Kuna mambo manne ya kuandika.

Kichwa. Hesabu mara anazogeuza kichwa kutazama nyuma ya bega lake kabla mpira haujafika eneo lake. Mshambuliaji mjanja hukaa upande wa upofu, nyuma ya mgongo wa beki. Kijana anayeutazama mpira peke yake atafungwa kwenye nguzo ya mbali, hata akiwa na urefu wa kutosha.

Mwili. Simamisha picha mshambuliaji anapokaribia na mpira. Mabega ya beki yameelekea wapi? Akisimama kifua mbele, miguu sambamba, atapigwa tobo, yaani mpira upitishwe katikati ya miguu yake, au ataachwa kwa hatua moja, kwa sababu lazima ageuke kabla ya kukimbia. Anayesimama upande upande, mguu mmoja nyuma, anamwona mpinzani na goli lake kwa pamoja, tena ameshachagua upande wa kumpeleka.

Mstari. Hapa ndipo makinda wengi wanaanguka. Kanuni yenyewe ni fupi: mwenye mpira akibanwa, mabeki wanapanda, mwenye mpira akiwa huru na kichwa chake kiko juu, mabeki wanarudi nyuma mapema. Sababu ni kwamba mtu aliyebanwa hawezi kupiga pasi ndefu yenye akili, lakini aliye huru anaweza kuupeleka mpira popote nyuma ya migongo yenu. Kila mpinzani anapopokea mpira katikati ya uwanja, tazama hatua mbili za kwanza za kijana. Akipanda wakati wa kurudi, mtego wa kuotea (offside) unageuka kumnasa yeye. Akirudi wakati wa kupanda, anawaweka wapinzani wote upande ulio salama kwao.

Umbali na mwenzake. Kati ya mabeki wawili wa kati pasiwe na mwanya ambao pasi ya kupenyeza inapita bila kuguswa. Mwenzake akitoka kwenda kukaba, yeye anatakiwa aingie nyuma yake kumfunika. Andika kama alifunika bila kuitwa. Sauti huwezi kuisikia kwenye televisheni, ila mikono unaiona: kijana anayeelekeza wenzake kwa mkono akiwa na miaka 19 ana kitu ambacho makocha wengi hushindwa kukifundisha.

Weka alama ya V kwa kila tukio alilofanya sawa na X alilokosea. Ukipata nafasi ya kwenda uwanjani hatua hii inakuwa rahisi zaidi. Pale Benjamin Mkapa, kiti cha mzunguko kilicho juu, nyuma ya goli, kinakuonyesha mstari wote wa mabeki kuliko kiti cha bei kubwa kilicho chini karibu na majani.

Tahadhari: usimwekee X kwa sababu tu hakuonekana. Mechi ambayo beki wa kati hakuonekana kabisa mara nyingi ndiyo mechi yake bora.

Ukimaliza dakika hizo 45 uweze kusema, bila kurudisha picha, kijana alikuwa wapi mpira ukiwa kwa winga wa upande wa pili. Kama huwezi, ulikuwa unautazama mpira. Anza tena na mechi nyingine.

## Hatua ya 4: Pima mapambano yake, ya chini na ya juu

Sasa unaweza kuufuata mpira.

Kwa mapambano ya chini, andika ni mara ngapi alibaki amesimama na mara ngapi aliteleza chini. Kuteleza kunapigiwa makofi, lakini beki akiwa chini ametoka mchezoni. Mpira ukirudi kwa mpinzani, wamebaki kumi. Kijana anayemchelewesha mshambuliaji mpaka wenzake warudi amefanya kazi kubwa kuliko aliyejirusha na kuupata mpira mara moja kati ya tatu.

Tenganisha kasi ya hatua tano za kwanza na kasi ya mita thelathini. Mtu anaweza kuwa na ya pili bila ya kwanza. Ndani ya boksi inayotumika ni ya kwanza.

Kwa mipira ya juu, usihesabu tu aliyeshinda. Andika alianza kuruka lini na alimgusa mpinzani kabla au baada ya kuruka. Beki anayemzuia mshambuliaji asiruke vizuri ameshinda hata kama kichwa hakikufika kwenye mpira.

Na hapa niseme kuhusu kimo, maana hoja ya "huyu mfupi" imewatupa vijana wengi nje kabla ya wakati. Dickson Job hana urefu tuliouzoea kwa beki wa kati. Alikuwa Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana, ya fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017, akapitia Mtibwa Sugar, akatua Yanga Januari 2021, na miaka miwili baadaye alikuwa sehemu ya safu ya ulinzi ya timu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 dhidi ya USM Alger. Anaanza safari mapema, anasoma mpira utaangukia wapi, na ana mwenzake mrefu pembeni. Kimo ni swali la nani anacheza naye. Kisijibiwe kwa futi peke yake.

Kwa beki wa pembeni, badala ya vichwa hesabu krosi zilizopigwa kutoka upande wake na ngapi kati ya hizo alizifikia kwa mguu kabla hazijaondoka.

## Hatua ya 5: Mpira ukiwa mguuni

Tangu 2019 sheria inaruhusu goli kiki ichezwe ndani ya boksi bila kusubiri mpira utoke nje. Mabadiliko hayo madogo yamewasogeza mabeki wa kati hadi kando ya kipa, na washambuliaji wanawafuata hukohuko. Beki asiyeweza kupokea mpira akiwa amebanwa sasa ni tatizo kwa timu inayotaka kuanza mchezo kutoka nyuma.

Asilimia za pasi zipuuze kwanza. Beki anayepiga pasi za mita tano kwa mwenzake atafikisha asilimia 95 na hajasogeza timu popote. Andika pasi za aina tatu tu: zilizovuka mstari wa kwanza wa wapinzani, alizopiga akiwa na mtu miguuni, na alizopiga kwa mguu wake dhaifu. Kama mguu dhaifu haukutumika hata mara moja kwa dakika 90, wapinzani wataugundua kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha.

Beki wa pembeni mwongezee pasi anayoitoa akiwa amebanwa kwenye mstari wa pembeni.

## Hatua ya 6: Rudisha nyuma kila bao

Chukua kila bao lililofungwa akiwa uwanjani, na kila nafasi ya wazi. Rudisha picha sekunde kumi nyuma. Simamisha. Endelea kidogo, simamisha tena. Lengo ni kumpata mtu wa kwanza aliyekosea, maana anayeonekana karibu na mfungaji mara nyingi ni yule aliyekuja kuzima moto wa mwenzake.

Utakuta mambo ya kushangaza. Kijana aliyetukanwa kwa kuachwa na mshambuliaji alikuwa ametoka kumfunika beki wa pembeni aliyepanda na hakurudi. Utakuta pia kinyume chake: beki aliyesifiwa kwa kuokoa kwenye mstari wa goli ndiye aliyempoteza mtu wake mwanzoni.

Kosa ukishajua ni lake, liweke kwenye moja ya mafungu haya.

1. Kosa la ufundi. Mpira umemponyoka, pasi imekatika. Kwa umri wa miaka 18 au 19 hili ndilo linalonipa hofu ndogo kuliko yote. Mazoezi yanalitibu.
2. Kosa la uamuzi. Ametoka wakati wa kukaa, amepanda wakati wa kurudi. Mara moja au mbili ni ujana. Likijirudia kwa namna ileile kwenye mechi zote tatu, anahitaji kocha mvumilivu na mwenzake mzoefu, na timu inayotaka ubingwa mwezi Mei haina muda wa kumpa vyote viwili.
3. Kosa la mwili. Ameona mapema, ameamua sawa, ila hakufika. Hapa usidanganyike na maneno ya "atakua tu". Nguvu inaongezeka gym. Kasi ya hatua za kwanza kwa mtu aliyeshafika miaka 21 haiongezeki sana.

Kisha tazama dakika kumi zinazofuata kila kosa. Je, anauomba mpira, au anajificha nyuma ya kiungo? Je, anakwenda kukaba kwa hasira na kupata kadi? Mimi dakika hizo kumi nazipa uzito mkubwa kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kwenye timu kubwa kosa lazima litokee, na mashabiki elfu sitini hawatamwonea huruma.

Hapa mwite yule rafiki wa upande wa pili. Mwonyeshe mabao bila kumwambia umeyaweka fungu gani. Mkikubaliana kwa mengi, fungu lako lina haki. Mkitofautiana kwa yote, mmoja wenu anaitazama jezi.

## Hatua ya 7: Takwimu, kwa tahadhari

Idadi ya mipira aliyonyang'anya haimaanishi kitu mpaka ujue wapinzani walishika mpira kwa muda gani. Beki wa timu inayoshambuliwa mchana kutwa ana nafasi nyingi za kunyang'anya.

Fanya hesabu rahisi. Tuseme beki wa kwanza ananyang'anya mpira mara 9 kwa mechi, na wapinzani wanamiliki asilimia 60. Wa pili ananyang'anya mara 6, wapinzani wanamiliki asilimia 30. Gawa: 9 kwa 60 ni 0.15, na 6 kwa 30 ni 0.20. Aliyeonekana mvivu ndiye anayefanya zaidi kila wapinzani wanapokuwa na mpira.

Mechi bila kuruhusu bao ni takwimu ya timu na kipa. Usimpe beki mmoja. Namba zikipingana na daftari lako, rudi kwenye picha kabla ya kuamua upande.

## Hatua ya 8: Mechi za kirafiki zipe uzito wake

Kwenye kambi miguu ni mizito. Kocha anawachosha wachezaji kwa makusudi asubuhi na jioni, kisha wanacheza. Kijana anaweza kuonekana mzito kwa sababu hiyo tu. Halafu kipindi cha pili wanabadilishwa watu wengi kwa mpigo, na beki kinda anajikuta pembeni ya mtu ambaye hajawahi kucheza naye. Kilele cha Simba Day au Wiki ya Mwananchi ya Yanga, siku za klabu kutambulisha kikosi kipya, ni sherehe, uwanja umejaa, mgeni amealikwa. Hamasa ni kubwa lakini ushahidi ni mdogo.

Kuna mambo matatu ya kweli unayoweza kuyapata huko. La kwanza, kocha kampanga na nani? Akianza na kipa namba moja na beki mzoefu, anafikiriwa kwa kazi ya kweli. La pili, upande gani? Linganisha na sentensi yako ya hatua ya 1. La tatu, nani anampa maelekezo mpira ukisimama, na yeye anajibuje.

Usisahau kwamba maandalizi yanaweza kuvuruga kila utabiri. Leny Yoro alitua Manchester United kutoka Lille Julai 2024 akiwa na miaka 18. Siku chache baadaye, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Arsenal karibu na jiji la Los Angeles, akavunjika mfupa wa mguu, na mechi yake ya kwanza ya mashindano ikaja Desemba. Wote waliokuwa wamebishana kama ataanza mwezi Agosti walibaki bila mchezaji wa kumbishania.

Mechi ya kwanza ya kuiamini ni ya Ngao ya Jamii, kombe la kufungua msimu. Pale kuna kombe na kuna mtani.

## Hatua ya 9: Hesabu njia yake ya kufika uwanjani

Kipaji na dakika za kucheza ni maswali mawili. Ligi Kuu yetu ya timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu. Ongeza Kombe la Shirikisho la nyumbani, ongeza mashindano ya Afrika kama timu inashiriki. Kisha andika majina ya mabeki walio mbele yake, umri wao, majeraha yao, na wanaoitwa Taifa Stars. Kadiria kwa uaminifu zinabaki mechi ngapi kwa ajili yake.

Wapenzi wa Arsenal, na huku kwetu ni wengi, wanalijua somo hili kwa uchungu wa miaka mitatu. William Saliba alisajiliwa kutoka Saint-Étienne Julai 2019 akiwa na miaka 18, akaachwa hukohuko kwa mkopo. Aliporudi London hakuwekwa kwenye orodha ya wachezaji wa Europa League ya msimu wa 2020/21, na Januari 2021 akapelekwa Nice. Mkopo wa tatu ulikuwa Marseille, msimu wa 2021/22, akamaliza akiwa mchezaji bora kijana wa ligi ya Ufaransa. Mechi yake ya kwanza ya mashindano na jezi ya Arsenal ilikuwa 5 Agosti 2022, uwanjani kwa Crystal Palace. Msimu wa 2023/24 alicheza kila dakika ya mechi zote 38 za ligi.

Katika miaka ile mitatu, waliosema ameshindwa walichukulia kutochezeshwa kama ushahidi wa kukosa uwezo. Waliosema kocha anaonea hawakuhesabu faida ya msimu mzima wa kucheza kila wiki Marseille. Mkopo kwenye timu inayomchezesha ni bora kwa beki kinda kuliko benchi la timu kubwa, kwa sababu kusoma mchezo kunajengwa kwa kufanya maamuzi chini ya presha, na benchi halina maamuzi. Nalisema hili kwa mashabiki wa Dar es Salaam hasa: kijana akipelekwa mkopo timu ya mkoani, mfuatilie huko. Msimzike.

Na msimfananishe na wale wachache. Pau Cubarsí wa Barcelona aliingia timu ya wakubwa Januari 2024 kabla hajatimiza miaka 17, na Machi alikuwa anawakaba Napoli kwenye Ligi ya Mabingwa. Huyo ni wa peke yake. Virgil van Dijk akiwa na miaka 20 alikuwa Groningen, akaenda Celtic, akaenda Southampton, na Liverpool walimchukua Januari 2018 akiwa na miaka 26. Beki wa kati kwa kawaida hukomaa kuchelewa kuliko winga, hivyo hesabu mechi za wakubwa alizocheza kabla ya kuhesabu miaka.

## Hatua ya 10: Andika hukumu yenye masharti

Neno "ana kipaji" au "hafai" halipimiki, na lisilopimika halina mshindi. Andika hukumu kwa sehemu nne: anachokiweza leo, anachokosa, kinachohitajika ili akipate, na muda.

Mfano: "Leo anaweza kuanza nyumbani dhidi ya timu zinazokaa nyuma. Anapanda mstari mapema mno mwenye mpira akiwa huru. Akicheza pembeni ya beki mzoefu mechi kumi mfululizo litapungua. Ugenini kwenye mashindano ya Afrika, asianzishwe kabla ya Januari."

Hukumu ya namna hii unaweza kushinda nayo au kushindwa nayo. Iandikie tarehe, ifunge kwenye daftari, na mpinzani wako aandike yake kwenye ukurasa wa pili.

Irudie akishaanza mechi kumi, au dirisha dogo likifunguliwa, lolote litakalotangulia. Chukua mechi moja mpya ya ugenini na uifanyie hatua ya 3 na ya 6 tu, ukitumia alama zilezile za V na X. X za mstari zikiwa zimepungua, kijana anajifunza na sharti lako linaweza kulegezwa. Zikiwa palepale ilhali amepata dakika zote hizo, badili hukumu, hata kama ulikuwa upande wake tangu siku ya kwanza. Na kama hajaanza hata mechi tano, acha hukumu ilivyo: mpaka hapo hakuna ushahidi mpya, awe wako au wa mwenzako.